Gitaa lipi kwa kazi ipi: mwongozo kamili kwa wapigaji wa Mtwara na Lindi

Kijana mmoja wa kwaya aliniletea gitaa lake barazani kwangu Mikindani, daraja, kile kipande cha tumboni kinachoshika nyuzi, limeng'oka na kuondoka na ganda la ubao wa juu. "Shikamoo fundi. Limeng'oka lenyewe usiku, nimelala." Nilipozitazama nyuzi nikaelewa. Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni, naye alikuwa amelifunga nyuzi za chuma ili lisikike mpaka mabenchi ya nyuma. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Nyuzi tatu nene za gitaa la nailoni huzungushiwa waya mwembamba unaong'aa, na mtu asiyeambiwa akiziona ataapa kwamba ni chuma. Dukani aliomba nyuzi za gitaa, akapewa nyuzi za gitaa.

Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta daraja kwa nguvu ya kama kilo 40. Seti ya kawaida ya chuma, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa umeandikwa 012, huvuta zaidi ya kilo 70. Ubao wa juu wa gitaa la nailoni ni mwembamba, na vijiti vinavyoushikilia kwa ndani ni vyepesi. Limeundwa hivyo makusudi, maana uzi laini unahitaji ubao unaotikisika kirahisi. Lipe mzigo wa karibu mara mbili, ongeza joto la Machi linalolainisha gundi, daraja litang'oka tu. Lisipong'oka usiku ule, lingeng'oka wiki iliyofuata.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "fundi, gitaa gani zuri?" namrudishia maswali mawili: litafanya kazi gani, na litalala wapi? Gitaa linalofaa kwa dansi halifai kwa mtoto wa miaka tisa, na gitaa linalodumu miaka ishirini Newala juu linaweza kumaliza miaka mitatu tu hapa pwani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Anayeanza na kulipia hurudi kwangu na gitaa ubavuni.

Hatua ya kwanza: Amua utakaa kiti gani

Usianze na rangi wala jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Anza na muziki unaotaka kuupiga, kisha utafute ndani yake sauti ambayo ungependa iwe yako.

Zoezi lake ni hili. Tafuta wimbo mmoja wa dansi wa zamani. Uwe wa Morogoro Jazz ya wakati wa Mbaraka Mwinshehe, au Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, bendi iliyolibeba jina la Kilwa kwenye kumbi za Dar es Salaam, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Usikilize mara nne. Mara ya kwanza mfuate mpiga solo peke yake, yule anayejibizana na mwimbaji na kupanda juu wimbo unapochanganya. Mara ya pili mtafute mpiga ridhimu, anayerudia kodi zilezile (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kama mtu anayetwanga, na ambaye akikosea mara moja wachezaji wote wanajikwaa. Mara ya tatu itakuwa kazi ngumu kidogo: kati ya hao wawili yupo mpiga sekondi solo, anayesuka mchoro wake na kuurudia. Mara ya nne sikiliza chini kabisa, kwenye besi.

Ukimaliza utajua sikio lako lilikuwa linakimbilia wapi. Hicho ndicho kiti chako, na kila kiti kina gitaa lake.

Kama wewe si wa bendi, jiulize kwa uwazi zaidi. Utaongoza nyimbo kanisani? Utaimba mwenyewe nyumbani na kwenye mikutano ya vijana? Unataka kusoma noti na kupiga kwa vidole? Ni wa taarabu, ambako gitaa la umeme na besi vimekaa karibu na kinanda kwa miaka mingi? Andika jibu kwa sentensi moja. Nimeona watu wakirudi dukani mara tatu kwa sababu sentensi hiyo haikuandikwa.

Hatua ya pili: Yajue magitaa yenyewe

Gitaa la nailoni, ambalo wengi huliita la klasiki, utalitambua kwa macho hata likiwa limetundikwa mbali. Kichwa chake kina madirisha mawili marefu, shingo yake ni pana, takriban milimita 52 pale inapoanzia, na nyuzi zake zimefungwa kwa fundo kwenye daraja. Umbo tulilonalo leo lilipatikana Uhispania katikati ya karne ya 19, kwenye karakana ya Antonio de Torres. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mnyama mpaka nailoni ilipoingia miaka ya 1940. Sauti yake ni ya mviringo, laini, isiyo na makali. Linafaa kupiga kwa vidole, kusindikiza sauti moja ya kuimba, na kumfundisha mtoto, kwa sababu halikati vidole. Kama mwanao ni mdogo, lipo la robo tatu, fupi kidogo, ambalo mkono wake utalifikia. Udhaifu wake ni kwamba kwenye kundi la watu wanaopiga makofi halisikiki, na ndipo vijana wanaposhawishika kulitia chuma. Usilitie.

Gitaa kavu la nyuzi za chuma ndilo wazee walilizoea kwa jina la galatoni, jina lililotoka kwenye magitaa ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo zamani yalisambaa sana upande wetu huu wa bara. Shingo yake ni nyembamba zaidi, milimita 43 hivi. Nyuzi zake huishia kwenye matundu sita ya daraja yaliyozibwa na vipini vidogo, na ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayozuia mvuto usiipinde. Lina sauti kali, inayosafiri. Ukitaka kujua gitaa hili linaweza nini mikononi mwa mtu mmoja, tafuta rekodi za miaka ya 1950 za Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, nawe unasikia kama watu wawili wamekaa pamoja. Mimi binafsi, kwa mtu mzima anayeanza na asiye na bendi, hili ndilo ningemshauri. Vidole vitauma wiki tatu za kwanza, kisha ngozi itakomaa.

Maumbo yake ni mengi, lakini kwako yanatosha mawili. Lile kubwa lenye kiuno kipana, lililopata umaarufu kupitia kampuni ya Martin ya Marekani, lina besi nzito na linafaa kwa kodi na kuimbisha watu. Lile dogo lenye kiuno chembamba lina uwiano mzuri zaidi kwa kupiga kwa vidole, na linamkaa vizuri mtu mwenye mwili mdogo. Kina dada wengi wanaokuja kwangu wakilalamika bega huwa wamenunua lile kubwa kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Gitaa kavu lenye pikapu ni lilelile, ila chini ya daraja limewekwa kifaa kinachoichukua mitetemo na kuipeleka kwenye miksa kwa waya. Kwa kanisa hili ndilo gitaa. Unalipiga kavu mazoezini, na Jumapili unachomeka jeki. Linatumia betri, mara nyingi ile ya mraba ya volti 9, na hapa pana jambo ambalo watu hawaambiwi: kuchomeka jeki ndiko kunakoiwasha betri. Ukiliacha limechomekwa usiku kucha, asubuhi betri imekwisha. Chomoa kila unapomaliza.

Hapohapo niseme la kapo, kile kibanio cha shingoni. Wapiga kinanda wetu wanapenda kupigia nyimbo za vitabuni kwenye F na B bemoli, sehemu ambazo kwa gitaa zinachosha mkono. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Bana kapo freti ya tatu: umbo la G litatoa B bemoli, umbo la D litatoa F, umbo la C litatoa E bemoli. Kwa kifaa hicho kidogo mpiga gitaa wa kwaya anaacha kugombana na mpiga kinanda.

Gitaa la umeme ni jamii nyingine kabisa. Mwili wake kwa kawaida ni ubao mzima usio na tumbo, na bila amplifaya linasikika kama mtu anayenong'ona. Chini ya nyuzi kuna pikapu zenye sumaku iliyozungushiwa waya. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huzaa umeme mdogo sana, na amplifaya huukuza. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni haziwezi kufanya kazi hapo. Karibu kila gitaa la umeme la bei nafuu utakalokutana nalo limeiga umbo la mojawapo ya matatu: Telecaster ya Fender ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Les Paul ya Gibson ya mwaka 1952, au Stratocaster ya Fender ya mwaka 1954.

Tofauti ya kusikiliza iko kwenye pikapu kuliko kwenye umbo. Pikapu nyembamba ya koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya, ina sauti angavu, inayokata, na ndiyo inayopenya katikati ya ngoma na besi wakati wa sebene. Ubaya wake inavuma, hasa karibu na jenereta au taa ndefu za mirija. Pikapu pana ya koili mbili, iliyobuniwa Gibson miaka ya 1950, inaufuta mvumo huo kwa sababu koili zake zimezungushwa zikipingana. Sauti yake ni nene na ya joto. Kwa solo na ridhimu za dansi nachagua koili moja bila kusita. Kwa taarabu, na kwa anayetaka sauti nzito ya injili ya siku hizi, koili mbili. Kuna pia yale yenye tumbo nusu, ubao mzima katikati na uwazi pembeni, kama ES-335 ya Gibson iliyotoka mwaka 1958. Ni mazuri sana ukumbini, lakini ni mazito kidogo mfukoni.

Mpiga sekondi solo ana ujanja mmoja uliotoka kwenye rumba ya Kongo, nao hauhitaji gitaa jipya. Toa uzi wa nne, ule wa D, weka mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza, na uukaze mpaka D ya juu, oktavu moja zaidi, yaani noti ileile ngazi moja nzima juu. Vidole vinashika kodi zilezile ulizozijua, lakini michoro inatoka imemeta na haigongani tena na ridhimu.

Gitaa la besi lina nyuzi nne nene, E, A, D na G, oktavu moja chini ya gitaa la kawaida. Kabla ya mwaka 1951, Fender alipotoa Precision Bass, mpiga besi alibeba fidla kubwa inayomzidi kimo. Urefu wa uzi wa besi kutoka nati, mwanzo wa shingo, hadi daraja ni kama milimita 864, wakati gitaa la kawaida lina 648 au pungufu, kwa hiyo jiandae kunyoosha vidole. Watu hudharau besi wakidhani ni ya asiyeweza solo. Mimi nimepiga viti vyote vinne, na nakwambia bendi yenye solo ya wastani na besi nzuri itacheza mpaka alfajiri, lakini yenye solo nzuri na besi mbovu itamwaga watu saa nne usiku. Lenye nyuzi tano limeongezewa B ya chini. Anza na nne.

La nyuzi kumi na mbili hufungwa jozi sita. Jozi nne nene huwa na uzi mmoja wa oktavu ya juu, na jozi mbili nyembamba hulingana. Linasikika kama magitaa mawili yakipigwa pamoja, lakini kulityuni, yaani kuzipanga sauti za nyuzi, ni kazi, na kwa hewa yetu mvuto wake mkubwa unachosha mbao. Lisiwe gitaa lako la kwanza.

Hatua ya tatu: Fikiria hewa litakayolala ndani yake

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwingine inapotuacha. Mbao za gitaa hustarehe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kuanzia Msimbati mpaka Kilwa Masoko hewa ya bahari iko juu ya hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ina chumvi. Mbao zinavimba, daraja linapanda, nyuzi zinakaa mbali na shingo, freti zinashika kutu ya kijani. Uwanda wa Newala, au Masasi na Nachingwea ndani, pana nafuu kubwa.

Kwa sababu hiyo nina ushauri ambao mafundi wa nchi za baridi wangeupinga: kama unaishi pwani na gitaa litakaa chumba cha kawaida, nunua lenye ubao wa juu wa plaiwudi. Ndiyo, ubao mzima una sauti nzuri zaidi na huiva kadiri miaka inavyokwenda. Lakini plaiwudi imegandishwa tabaka zinazokatana, haivimbi wala kupasuka kirahisi. Kutofautisha, tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi ndani, huo ni ubao mzima. Ukiona tabaka zilizobebana, ni plaiwudi.

Jambo la pili ni msimu. Wengi wetu tunanunua vitu vya namna hii fedha za korosho zinapoingia, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Mvua nazo zinaanza hapohapo. Gitaa lililotoka Dar es Salaam likiwa sawa linaweza kubadilika ndani ya mwezi, mwenyewe akadhani ameuziwa bovu. Usilipeleke kulichonga daraja Desemba. Subiri mvua zikatike Mei, ulitazame tena.

Kulihifadhi: lisiegemee ukuta wa nje wala kulala kwenye sakafu ya saruji. Liweke kwenye boksi gumu au mfuko wenye sponji, uweke na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiliache ndani ya gari lililofungwa mchana, hata dakika ishirini za kuingia sokoni.

Vijana huniuliza kuhusu mpingo, kwa kuwa tunao. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 na mpingo wake unatafutwa na watengeneza klarineti duniani. Je, gitaa zima la mpingo lingekuwaje? Lingekuwa zito mno. Mpingo huzama majini, na ubao wa juu wa gitaa unahitaji mti mwepesi unaotikisika, ndiyo maana hutumika misonobari na mierezi. Lakini kwa ubao wa shingoni na kwa daraja, mpingo ni mti wa kifalme. Madaraja ninayobadilisha nayachonga kutoka mabaki ya wachongaji vinyago, kipande ambacho wao wangekitupa. Nati, kile kipande cheupe mwanzo wa shingo, nachonga kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukatoka mafuta na kukaushwa vizuri. Mfupa unaishinda plastiki kwa mbali.

Hatua ya nne: Kagua kabla ya kulipa

Nenda na vitu vitatu: simu yenye programu ya kutyuni, kadi tatu za benki zisizo na namba zilizovimba, na waya wa jeki kama gitaa ni la umeme. Ukiwa na laki tatu mfukoni usitafute gitaa la laki tatu. Tenga kama sehemu ya tano kwa ajili ya mfuko, seti ya pili ya nyuzi, kapo na piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi.

Lishike gitaa kama bunduki, jicho kwenye ncha ya mwili, uangalie shingo kwa urefu. Inatakiwa iwe imenyooka au imebonyea kidogo sana katikati. Ikiwa imepinda kama upinde, au imejisokota upande mmoja, rudisha. Kupinda kidogo hurekebishwa kwa fimbo ya ndani, kwa ufunguo wa pembe sita, robo mzunguko kwa siku, si zaidi. Kujisokota hakuna dawa nafuu.

Kisha kadi. Kadi moja ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikibebana ni milimita 2.3 hivi. Zipitishe kati ya uzi mnene na freti ya 12. Kwenye gitaa kavu la chuma zikipita kwa kugusagusa, umepata gitaa lililopangwa vizuri. Kwenye la umeme zikipita kwa nafasi, uzi uko juu. Kwenye la nailoni ruhusu mpaka unene wa kadi tano. Mtu akikwambia "utazoea" huku kadi sita zinapita kwenye gitaa la chuma, usimsikilize. Wanafunzi wengi waliokata tamaa vidole vyao havikuwa na tatizo lolote.

Lityuni kwa simu. Gonga uzi mtupu, kisha bonyeza freti ya 12 ya uzi huohuo. Simu ionyeshe herufi ileile, mshale ukiwa katikati au karibu sana. Ikipishana mbali, gitaa hilo litaimba vizuri karibu na kichwa na kupotoka likipanda juu, hata ulikaze vipi.

Piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, ukisikiliza mkwaruzo. Inachukua dakika tano, na muuzaji atakuangalia vibaya. Endelea. Pitisha pembe ya karatasi kuzunguka daraja: ikiingia chini, gundi imeshaanza kuachia. Kwa la umeme, zungusha vitufe vyote huku limechomekwa usikie kama vinakwaruza, hamisha swichi ya pikapu kila nafasi, na utikise jeki kidogo. Sauti ikikatika, soketi ina shida. Hilo ni tatizo dogo la risasi ya kulehemu, lakini lipunguzie bei.

Mwenye mkono wa kushoto ajue kwamba kugeuza nyuzi za gitaa la kawaida kunataka nati nyingine na daraja jingine. Tafuta la kushoto, au jifunze kwa kulia kama wengi wafanyavyo.

Hatua ya tano: Amplifaya na usalama

Gitaa la umeme linaweza kuanza na amplifaya ndogo ya wati 10 au 15 chumbani. Sabufa ya nyumbani itakubali gitaa kwa sauti ya chini, lakini besi usiichomeke humo. Uzi wa E wa besi uko kwenye herizi 41, na spika isiyojengwa kwa ajili hiyo itachanika karatasi ikijitahidi kuutoa. Besi inataka amplifaya yake yenye spika kubwa.

Sasa soma hapa taratibu. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Kama amplifaya haina ethi nzuri, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, nyuzi zinaweza kubeba umeme, na mpigaji akisogeza mdomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa kwenye chombo kingine, mkondo unapita mwilini mwake. Mimi umeshanitupa chini mara moja, kwenye harusi, nikiwa peku juu ya udongo uliolowa. Tangu hapo: usikate wala kuipuuza pini ya tatu ya plagi, chomeka amplifaya na miksa kwenye chanzo kimoja cha umeme, vaa viatu, na kabla hujaimba gusa nyuzi kwa bisibisi ya testa. Taa ikiwaka, zima kila kitu umwite fundi umeme. Wimbo utasubiri.

Hatua ya sita: Tyuni, piga, badilisha nyuzi

Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Simu itakusaidia, lakini zoeza na sikio. Bonyeza freti ya 5 ya uzi wa sita, upate sauti ya uzi wa tano mtupu. Endelea hivyo hivyo kushuka, isipokuwa uzi wa tatu, ambao unabonyezwa freti ya 4 kuupata wa pili. Siku zote panda kutoka chini kwenda sauti unayoitaka. Ukiipita, legeza chini zaidi kisha upande tena, maana uzi ulioteremshwa tu huteleza katikati ya wimbo.

Nyuzi za chuma hapa Mikindani nazibadilisha kila baada ya wiki tano au sita. Rafiki yangu aliyeko Newala anakaa miezi mitatu. Kinachorefusha maisha yake ni kitambaa kikavu cha pamba: kila ukimaliza kupiga, pitisha juu na chini ya kila uzi, maana jasho na chumvi vikilala usiku mmoja kutu imeshaanza. Zile zilizopakwa utando ni ghali lakini pwani zinajilipa. Anayeanza kwenye gitaa kavu achukue seti ya 011 au 010, kwenye la umeme 009. Na kabla ya kununua, tazama daraja: vipini sita ni chuma, mafundo ni nailoni. Dukani taja jina kamili la unachotaka, na kama duka la mjini halina, nyuzi ni nyepesi, zinakuja na basi kutoka Dar es Salaam siku ya pili.

Kubadilisha, toa uzi mmoja, weka mmoja, ili shingo isilegee yote kwa pamoja. Sukuma pete ya mwisho wa uzi mpaka ikae chini ya daraja, kisha ndiyo ubane kipini, ukiuvuta uzi kwa mkono kuhakikisha hautoki. Kichwani acha ziada ya kuzunguka mara mbili au tatu, ukishuka chini, bila kupandana. Kata ncha, ikunje isije ikachoma jicho la mtu. Nyuzi za chuma zitatulia siku hiyo hiyo ukizivuta kidogo kwa kidole na kuzityuni tena mara nne tano. Za nailoni zina subira yake: zitalegea siku tatu au nne mfululizo, nawe uzikaze kila asubuhi, mpaka asubuhi moja utakayolichukua gitaa na kulikuta limekaa palepale ulipoliacha jana.